Amana kwa Mtu Baki: Maelezo juu ya Habari za Raia Zilizo Mikononi mwa Serikali

Tarehe 11 Desemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya, mjini Nairobi, ilisimamisha sehemu moja ya mapatano yaliyotiwa sahihi mjini Washington juma moja kabla ya siku hiyo. Mapatano yenyewe yalihusu afya. Serikali ya Marekani iliahidi kutoa hadi dola milioni 1,600 katika muda wa miaka 5, na Serikali ya Kenya iliahidi kuongeza matumizi yake ya afya kwa dola milioni 850. Waliokwenda mahakamani hawakuchukia dawa wala fedha. Neno lililowaudhi lilikuwa jingine: kwamba habari za wagonjwa wa Kenya, zilizoandikwa katika hospitali na zahanati kwa ajili ya matibabu yao, huenda zikasomwa na watu wa taifa jingine. Serikali ilijibu kwamba habari zitakazotolewa ni za jumla, zisizotaja majina, na kwamba sheria za Kenya ndizo zitakazotawala. Siku ile mahakama haikuamua nani mwenye haki. Ilizuia tu habari zisitoke mpaka shauri lisikilizwe.

Sina nia ya kuwafundisha majaji kazi yao. Nia yangu ni ya lugha. Hofu hii si ya Kenya pekee. Mwaka huohuo iliwashughulisha Wamarekani wenyewe, nao waliogopa watu wa taifa lao, kama tutakavyoona. Kila inapozuka, sisi huisema kwa maneno mawili, siri na faragha, na sheria zetu huongeza la tatu, taarifa, au la nne, data. Nadhani maneno haya, ingawa ni mazuri, hayafikii kiini cha malalamiko, na kwamba neno linalokifikia limo katika lugha yetu tangu zamani, nalo ni amana. Haya ni madai yanayohitaji ushahidi, basi na tuyapime maneno hayo moja moja.

Siri ni jambo linalofichwa. Likishajulikana si siri tena, na hapo ndipo ulipo upungufu wa neno hili. Mama anayempeleka mtoto kliniki hafichi kitu: hutaja jina, mtaa, umri na maradhi mbele ya mwuguzi, na pengine mbele ya foleni nzima. Mshahara wa mwalimu unajulikana na mhasibu, na ofisi ya kodi, na benki, na mkewe akibahatika kuambiwa. Habari hizi zinajulikana na watu wengi, na kila mmoja wao anazijua kwa haki. Ofisa atakayejitetea kwa kusema, "Hii haikuwa siri," atakuwa amesema kweli, na mlalamikaji atabaki na uchungu wake bila neno la kumjibia. Methali yasema siri ya mtungi aijuaye kata. Hatuilaumu kata kwa kuijua, kwani kazi yake ni kuingia mtungini. Lawama huanza inapoazimwa nyumba ya pili.

Niruhusiwe kutaja hapa mzaha wa siku nyingi, kwamba serikali ni "siri kali". Wanafunzi wa lugha wanajua kwamba sivyo, kwa kuwa neno hili lilitoka katika Kiajemi, ambako sarkar ni mkuu wa kazi au mtawala. Lakini mzaha hudumu kwa sababu. Huu umedumu kwa kuwa watu wanaona kwamba siri za serikali hulindwa kwa ukali kuliko siri za raia zilizo katika makabati yake.

Faragha lina ladha nyingine. Shina lake la Kiarabu lina maana ya utupu, nafasi, kutokuwa na shughuli. Kiswahili kililipokea, kikalifanya mahali au hali ya kujitenga na macho ya watu: wazee huenda faragha kusemezana, mtu na mkewe wana faragha yao. Wakenya wamelipandisha cheo neno hili, na leo haki ya faragha ndilo jina la haki iliyo katika ibara ya 31 ya Katiba yao ya mwaka 2010. Katiba ya Tanzania, katika ibara yake ya 16, hufika mahali palepale kwa njia ndefu zaidi, kwa kutaja nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia na unyumba wake, maskani na mawasiliano yake. Hapana shaka faragha lafaa sana kwa mlango wa chumba, kwa barua, kwa simu. Humkataza yule aingiaye pasipo kupiga hodi. Fikira hii ni jirani na ile ya wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, ambao mwaka 1890 waliitetea haki ya mtu kuachwa peke yake. Walakini raia aliyeandikishwa na serikali hakuachwa peke yake, wala hakutaka kuachwa. Alitoka faraghani kwa miguu yake, akapanga foleni, akatoa habari zake ili apate cheti cha mtoto, dawa au pensheni. Kumwambia baadaye kwamba faragha yake imeingiliwa ni kusema nusu ya jambo. Ibara ya 31 yenyewe imeuona upungufu huu, maana inakataza pia habari za familia na mambo binafsi ya mtu zisidaiwe wala zisifichuliwe pasipo haja. Hapo sheria imevuka mpaka wa faragha bila kubadili jina la haki.

Sasa maneno ya sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Jina la Tanzania lina kichekesho kidogo kwa mtu apendaye asili za maneno, kwani taarifa katika Kiarabu ni kujulisha, kufanya jambo lifahamike. Basi ulinzi wa taarifa ni ulinzi wa kitu ambacho kwa asili ya jina lake kilizaliwa kitangazwe. Lakini matumizi hushinda asili, na sitaligombea neno hilo. Lililo kubwa zaidi ni ulinzi. Ulinzi huleta mbele ya macho ukuta, askari na mwizi. Tena wale wanaowajibika chini ya sheria hiyo wanaitwa wakusanyaji na wachakataji. Mkusanyaji ni jina la kazi ya kukusanya. Ukisha kukusanya, jina halikudai kitu zaidi. Mtu aweza kuwa mkusanyaji hodari na mtunzaji mbaya.

Kabla ya kufika kwenye amana yafaa tukumbuke jinsi daftari la serikali lilivyoanza kuingia katika maisha ya watu wengi wa nchi hizi, maana hofu ya leo haikuanza na kompyuta. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kuandikisha wanaume Waafrika, wenye umri wa miaka 16 na zaidi. Vita viliichelewesha, na utekelezaji ulianza vilipokwisha. Kila mwanamume alipewa kipande chenye alama za vidole vyake, na juu yake yaliandikwa majina ya waajiri wake, siku alizoanza na kuacha kazi, na ujira aliopata. Kilitiwa katika kikopo cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Wengine walikifananisha na kengele ya mbuzi. Kutokuwa nacho lilikuwa kosa la jinai. Harry Thuku na wenzake walikipinga hadharani tangu miaka ya 1921 na 1922.

Tukitazame kipande kwa jicho la mada yetu. Hakikuwa na siri, kwa kuwa kila askari na kila bwana shamba alikuwa na ruhusa ya kukisoma. Mwajiri mpya alijua kwa mara moja ujira wa zamani, naye hakuona sababu ya kuuzidisha. Mwajiri wa zamani asipotia sahihi ya kumwachilia mtu, huyo hakupata kazi kwingine. Habari zilikuwa za mtu mmoja, zimefungwa katika shingo yake mwenyewe, na zilisomwa na kila mtu kwa faida ya kila mtu isipokuwa yeye. Mwaka 1947 sheria nyingine ya kuandikisha watu wa mataifa yote ilipitishwa, na kipande cha zamani kikaanza kuondoka. Neno lake halikuondoka: wazee wa Kenya bado wanakiita kitambulisho cha taifa kipande, na wanaosema hivyo wanajua wanalolikumbuka.

Basi amana. Mtu anayesafiri humwekea jirani mali yake: fedha, hati ya shamba, vyombo vya dhahabu. Mwenye kuweka hakumpa. Mwenye kuwekewa hakumiliki. Kitu kimo nyumbani mwake, ufunguo ni wake, na pengine hukiona kila siku anapofungua sanduku. Hata hivyo hana ruhusa ya kukitumia, wala kukiazimisha, wala kukionyesha kwa watu wengine kwa sababu asiyoambiwa. Akifanya hivyo hakuiba, maana kilikuwa kwake. Hakufichua siri, maana huenda kila mtu alijua kwamba fulani ana dhahabu. Amehini amana. Kiswahili kina kitenzi kizima kwa kosa hili. Na katika shina hilohilo la Kiarabu lenye maana ya kuvunja uaminifu tumepata haini, na kutoka haini tumefanya mhaini na uhaini, neno ambalo sheria hulitumia kwa kosa la raia dhidi ya dola. Serikali humwita mhaini yule anayevunja uaminifu wake kwake. Asili ya neno haibagui upande.

Neno la pili linalotufaa ni mtu baki. Baki ni kinachosalia. Mtu baki ni yule anayesalia baada ya kuwahesabu wanaohusika. Si adui. Wala si lazima awe mgeni wa nchi, kwani huenda akawa jirani mwema, mwenye elimu, mwenye nia njema. Ubaki wake hauko katika tabia wala katika taifa lake. Uko katika uhusiano wake na jambo lile. Katika mabishano juu ya habari za raia tumezoea kumwogopa "mgeni" au "mtu wa nje", na picha inayokuja ni ya mtu mwenye hati ya kusafiria ya nchi nyingine. Mambo ya Marekani ya mwaka 2025 yaonyesha kwamba picha hiyo ni finyu mno.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alianzisha kwa amri yake kikundi cha kutafuta ubadhirifu, kikaitwa Idara ya Ufanisi wa Serikali, ijapokuwa hakikuwa idara kama zilivyo idara zilizoundwa na Bunge la nchi ile. Mtu aliyejulikana zaidi katika shughuli zake alikuwa Elon Musk, mwenye viwanda vya magari na roketi. Kabla ya mwezi kwisha watu wa kikundi hicho walitaka kuingia katika mitambo ya malipo ya Wizara ya Fedha, ambayo hupitisha takriban malipo 9 katika kila 10 ya serikali ya shirikisho: pensheni, marejesho ya kodi, misaada. Ndani yake mna majina, namba za akaunti za benki na namba za hifadhi ya jamii za mamilioni ya watu. David Lebryk, ofisa mkongwe wa wizara, alistaafu baada ya mvutano juu ya jambo hilo. Tarehe 8 Februari Jaji Paul Engelmayer wa New York, kwa ombi la majimbo 19, aliwazuia kwa muda.

Mvutano ulihamia katika Idara ya Hifadhi ya Jamii, na huko ulikuwa mkali zaidi, kwa sababu daftari lake ni kubwa zaidi. Tangu mwaka 1936 idara hiyo imekuwa ikiwapa watu namba, na juu ya kila namba yaweza kuwekwa jina la mtu, mahali alipozaliwa, majina ya wazazi wake, mapato yake ya kila mwaka, na kwa anayeomba msaada wa ulemavu, habari za maradhi yake hata yale ya akili. Michelle King, aliyekuwa kaimu mkuu wa idara, aliondoka kazini Februari. Tarehe 20 Machi Jaji Ellen Hollander wa Maryland aliwazuia watu wa kikundi wasizione habari zinazotambulisha watu, akiufananisha msako wao na uvuvi wa kubahatisha. Tarehe 6 Juni Mahakama ya Juu, majaji 3 wakipinga, iliondoa kizuizi hicho huku shauri likiendelea. Mwezi Agosti ofisa mkuu wa data wa idara ile, Charles Borges, alipeleka malalamiko rasmi kwamba nakala ya daftari lote, lenye watu zaidi ya milioni 300, iliwekwa mahali pasipo na usimamizi wa kutosha. Idara ilijibu kwamba habari zilikuwa salama.

Sasa tuulize: hawa walikuwa watu wa nje? Walikuwa Wamarekani. Waliteuliwa na serikali iliyochaguliwa. Wengi wao waliandikwa kuwa wafanyakazi wa idara zilezile, wakapewa vitambulisho vyake. Kwa kipimo cha uraia, au cha mwajiri, walikuwa watu wa ndani, na mawakili wa serikali walisema hivyo. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1974 juu ya habari za watu haikutumia kipimo hicho. Inaruhusu daftari kusomwa na wafanyakazi wa idara wale tu wenye haja nalo katika kutimiza kazi yao. Haijaridhika na kitambulisho, yauliza haja. Na hii ndiyo kanuni ya amana tunayoijua. Mtoto wa mwenye kuwekewa ni mtu wa nyumbani, hula na kulala mle. Kwa amana ile ni mtu baki.

Haki yataka tueleze na hoja ya upande wa pili, ambayo si dhaifu. Serikali isiyoruhusiwa kutazama madaftari yake itawezaje kugundua wizi ndani yake? Mlipaji wa kodi naye ana amana katika hazina, na mkaguzi humtetea. Ni kweli. Hata hivyo tukio moja la Februari 2025 laonyesha hatari iliyomo. Musk alitangaza hadharani kwamba daftari lile lina mamilioni ya watu wenye umri wa zaidi ya miaka 100, ambao hawajaandikiwa kifo, akiashiria kwamba wafu wanalipwa pensheni. Jambo hili halikuwa geni. Mkaguzi wa idara yenyewe alikwisha kuliandika mwaka 2023: watu milioni 18.9 waliozaliwa mwaka 1920 au kabla yake hawakuwa na tarehe ya kifo, na karibu wote hawakuwa wakilipwa kitu. Lilikuwa pengo la uandishi, si wizi. Karani aliyekaa na daftari miaka 20 hujua nafasi tupu humaanisha nini. Mtu baki huiona akaijaza kwa dhana yake. Kwa hiyo madhara ya kusomwa na asiyehusika si kutangazwa peke yake. Yapo pia madhara ya kusomwa vibaya, na mtu akisomwa vibaya na mwenye uwezo wa kusimamisha malipo yake, hali yake ni mbaya kuliko ya yule aliyefichuliwa.

Juu ya mwizi halisi nitasema machache, kwa kuwa yeye hailetei lugha taabu. Mwaka 2015 Marekani ilitangaza kwamba wavunjaji wa mitambo waliingia katika ofisi ya utumishi wa serikali, wakachukua habari za watu milioni 21.5 waliochunguzwa kwa ajili ya kazi, pamoja na alama za vidole za watu milioni 5.6. Nenosiri likiibwa hubadilishwa, kidole hakibadilishwi. Julai 2023 mtandao wa Kenya wa huduma za serikali ulishambuliwa, ukasimama, na waziri akaeleza kwamba habari hazikupotea. Katika mambo kama haya raia na serikali wako upande mmoja, na neno ulinzi latosha.

Halitoshi pale mtunzaji mwenyewe anapobadilika. Rwanda, chini ya Wabelgiji, tangu miaka ya 1930 kila mtu mzima aliandikiwa kabila lake katika kitambulisho. Uhuru ulipokuja mwaka 1962 uandishi ule haukufutwa. Mwaka 1994, katika vizuizi vya barabarani, kitambulisho kiliombwa na watu wenye mapanga, na neno moja lililoandikwa na karani liliamua nani apite. Hapana aliyevunja kabati. Hapana ukuta uliorukwa. Kitu kilichoandikwa kwa kusudi moja kilikaa kimya miaka 60, kikasomwa na watu wengine kwa kusudi jingine. Baada ya mauaji yale Rwanda iliondoa kabila katika vitambulisho vyake.

Kwa sababu hiyo naona swali la kwanza la amana si nani ataisoma, bali je, ilipaswa kupokewa? Kenya ilipoanza kuandikisha watu wote kwa Huduma Namba mwaka 2019, sheria iliyotungwa mwaka 2018 ilikuwa imeruhusu kuchukuliwa hata vinasaba vya mtu na alama za mahali anapoishi hasa. Watetezi wa haki za Wanubi, watu ambao kwa muda mrefu wamepata taabu kupata vitambulisho, walikwenda mahakamani pamoja na wengine. Tarehe 1 Aprili 2019 mahakama iliamuru kwamba uandikishaji usiwe wa lazima. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu walikataza vinasaba na alama za mahali, wakaagiza kanuni kamili zitungwe kabla ya kazi kuendelea. Tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah aliutangaza utoaji wa kadi kuwa batili, kwa kuwa madhara yake kwa habari za watu hayakupimwa kwanza kama sheria ya mwaka 2019 ilivyotaka. Ukiyatazama maamuzi haya utaona kwamba hayakushughulika sana na mwizi. Yalimshughulikia mpokeaji: apokee nini, kwa kanuni gani, na amepima nini kabla ya kunyoosha mkono.

Najua neno langu nalo linachechemea, na ni afadhali niseme mwenyewe kuliko kungoja kuambiwa. Kwanza, amana huwekwa kwa hiari; raia hakuulizwa kama anapenda kuandikwa na ofisi ya kodi. Hili halinisumbui sana, kwani anayelazimishwa kuweka mali yake kwa mtu ana haki ya kudai uangalifu mwingi zaidi, si mdogo zaidi. La pili ni gumu. Amana hurejeshwa. Dhahabu ikiwa kwa Juma haiko kwa Hamisi, na siku ya kudai mwenyewe huiona mkononi au asiione. Habari huwa nzima kwa Juma, na nzima kwa Hamisi, na nzima kwa watu elfu ambao Hamisi amewapa, na mwenyewe hatambui kwamba kuna kitu kilichoondoka. Hapa fikira ya kale haina budi kunyooshwa. Mahali pa kurejesha sheria zimeweka kufuta na kusahihisha. Na mahali pa kuiona dhahabu mkononi hapana budi kuwe na orodha ya wote waliolifungua daftari, siku gani na kwa haja gani, ambayo mwenyewe aweza kuiomba akaisoma. Amana isiyo na orodha hiyo huhiniwa bila mashahidi.

Nina mapendekezo mawili kwa wanaotafsiri sheria. Mkusanyaji angeitwa mtunza taarifa, ili jina limkumbushe kazi isiyokwisha. Na mahali pa yule "mtu wa tatu", ambaye msomaji humhesabu asijue wa kwanza ni nani na wa pili ni nani, lingefaa mtu baki, likiwa na maelezo katika kifungu cha tafsiri kwamba mfanyakazi wa serikali asiye na haja na taarifa ile ni mtu baki pia.

Limebaki neno moja, lile lililotumika Nairobi: habari zisizotaja majina. Serikali iliposema hivyo ilitaka kuwatuliza watu, nao wengi hawakutulia, na sidhani walikuwa wajinga. Tuseme daftari la zahanati moja ya kijijini lafutwa majina yote. Likibaki na kijiji, umri, jinsia, mwezi wa matibabu na maradhi ambayo kijiji kizima kina mgonjwa mmoja tu, mwuza maji wa pale atamtaja mgonjwa huyo kabla hujamaliza kusoma mstari. Jina limeondoka, mtu yupo. Kwa hiyo zisizotaja majina na zisizotambulisha mtu ni mambo mawili, na mapatano yanayoahidi la kwanza hayajaahidi la pili. Kiswahili kinayatenganisha waziwazi. Mwenye kuandika mapatano hayo na achague mojawapo, alitie kwa maandishi, tujue ameahidi lipi.